Kifuniko cha Mashine Namba Tisa

Vijana wa kinuni, siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani na kunitaka niandike "uzoefu". Saa nimeipokea, wabeja sana, ingawa sijui mstaafu anatakiwa awahi wapi. Uzoefu nauandika shingo upande, kwa sababu mmenipigia simu mara tatu na mara ya nne mkamtuma mke wangu. Msitafute humu nilipandishwa cheo lini au nilianza na mshahara gani. Mambo hayo hayajawahi kunoa kisu cha mashine hata kimoja. Nitaandika nilivyofundishwa kazi, na nitaandika kosa langu moja ambalo nimechoka kulizungusha.

Niliingia kwenye kinu cha kuchambua pamba hapa Bariadi enzi za ushirika, wakati mkoa wetu ulikuwa bado unaitwa Shinyanga. Nilitoka Mwamapalala kwa wazazi wakulima, na pamba niliijua ikiwa shambani na ikiwa kwenye gunia, basi. Siku ya kwanza nilivaa shati jeupe. Fundi mkuu, mzee Shigela, alinitazama kuanzia kola mpaka kwenye vidole vya miguu, akaniambia nirudi nyumbani nikavae kama mtu anayekuja kufanya kazi. Niliporudi, shati jeupe nimeliacha, alinipa brashi na kopo la grisi. Nilipaka grisi mwezi mzima bila kuruhusiwa kushika spana.

Ninyi mashine mnazijua, lakini Minza, mke wangu, anasoma kila karatasi ninayoandika na ananiuliza maswali, kwa hiyo nieleze. Mashine ya kuchambua ina rola iliyovikwa ngozi na visu viwili. Rola inavuta nyuzi, visu vinazuia mbegu. Ubavuni kuna gia zinazozungusha vitu vyote hivyo, na juu ya gia kuna kifuniko cha chuma chenye matundu, kimefungwa kwa nati nne. Ukitaka kugusa gia unazima, unasubiri mpaka kimya kiingie, unafungua nati nne, unafanya kazi yako, unafunga nati nne, ndipo unawasha. Mzee Shigela alikuwa na msemo wake: kwake yeye kuna mashine yenye kifuniko na kuna mashine iliyozimwa, ya tatu hajawahi kuiona. Alimfukuza zamu nzima mtu aliyewasha akiwa amebakiza nati moja. Mimi nilimwona mkali kupita kiasi, na nikawaambia wenzangu hivyo wakati wa chai.

Mzee Shigela akastaafu, na mwaka huo huo soko huria likaingia. Nyote mmezaliwa baada ya hapo, kwa hiyo mnadhani pamba imekuwa ikinunuliwa hivi siku zote. Zamani karani wa ushirika alimwaga gunia chini, akatenga safi kando na fifi, ile hafifu, kando, na mkulima alisimama pembeni akiona aibu kama pamba yake ina majani. Wanunuzi binafsi walipokuja na malori yao, kila mmoja na mzani wake, wakawa wanakimbizana barabarani kuanzia Zagayu mpaka huku, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumwaga gunia. Wakulima nao si wajinga. Wakaanza kuweka maji, kisha mchanga, kisha mawe. Kwenye dirisha la karakana nilipanga vitu nilivyotoa kwenye pamba msimu mmoja: mawe ya kila ukubwa, nusu tofali, kufuli, kandambili ya mguu wa kushoto. Ya kulia ililetwa na lori jingine baada ya wiki mbili. Nilicheka siku hiyo, na nadhani ndiyo mara ya mwisho kucheka msimu ule.

Jiwe likiingia kwenye mashine, kisu kinakatika meno au kokoto inarukia kwenye gia na kila kitu kinakwama. Zima, subiri, nati nne, toa jiwe, nati nne, washa. Zamani tulifanya hivyo mara moja kwa wiki. Sasa ilikuwa mara kumi na tano kwa siku, na kinu kilikuwa kimechukuliwa na kampuni binafsi ambayo meneja wake alisimama nyuma yangu akiangalia saa ya mkononi. Mbaya kuliko zote ilikuwa mashine namba tisa, kwa sababu ilikuwa chini kabisa ya mfereji unaoleta pamba na mawe yote yalipenda kwenda huko. Asubuhi moja, baada ya kuifungua mara nne kabla ya chai, nilikitoa kifuniko chake nikakiegemeza ukutani. Nikajisemea nitakirudisha jioni. Kikakaa pale siku tatu.

Mhudumu wa namba tisa alikuwa Nkwabi, kijana wa Zagayu mwenye sauti nene, ambaye kanisani alikaa safu mbili mbele yangu na kuimba besi. Aliniuliza mara moja tu, "Fundi, hiki kifuniko?" Nikamjibu, "Wewe piga kazi." Siku ya tatu jiwe lilikwama, akapeleka mkono na kile kijiti chenye ndoano tulichokuwa tunatumia, kijiti kikavutwa na mkono ukafuata. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vilikwenda. Vikabaki gumba na kile cha shahada.

Tulimlaza juu ya robota la pamba, wengine wakakimbilia gari. Na mimi, fundi, mtu wa Jumapili, nilifanya nini? Nilichukua kifuniko ukutani nikakirudisha. Nati nne. Mikono yangu haikutetemeka hata kidogo, na hilo linaniudhi mpaka leo kuliko yote. Mkaguzi alipokuja siku ya pili alikuta mashine imefunikwa vizuri. Akaniuliza kama kifuniko kilikuwepo siku ya ajali. Nikasema kilikuwepo. Akaandika kwamba mhudumu alikuwa mzembe, na Nkwabi akarudishwa nyumbani akiwa na barua inayosema hivyo.

Sasa nieleze habari ya benchi, maana hapo ndipo nilipoishi miaka mingi. Katika kanisa letu, mtu aliyetengwa hafukuzwi. Anakuja, anaimba, anatoa sadaka, lakini siku ya Meza ya Bwana anakaa kwenye benchi la mwisho karibu na mlango, na mkate na kikombe vinampita. Yupo kwenye kitabu cha wazee, na sababu yake imeandikwa. Jumapili ya kwanza baada ya ajali nilitoka kwenye safu yangu nikaenda kukaa kwenye benchi lile. Kwenye benchi alikuwepo mzee Lugeye, mwenye wake wawili, ambaye alikuwa amelizoea mpaka akawa na mto wake wa kukalia. Alinitazama vibaya.

"Bhebhe, wewe umefuata nini huku?"

"Nimetengwa," nikamwambia.

"Nani amekutenga? Tangazo sijalisikia."

"Nimejitenga mwenyewe."

"Basi jitenge nje," akasema. "Huku sisi tuna sababu."

Mchungaji aliniita. Nikamwandikia barua ya kuomba kutengwa rasmi, nikaeleza kwamba mtu amepoteza vidole chini ya usimamizi wangu. Kifuniko sikukitaja. Wazee walikaa kikao kizima juu ya barua ile, na mchungaji akanipa majibu akiwa amechoka kabisa. "Mabula, tumepitia kitabu. Uzinzi umo, pombe imo, kwenda kwa mganga kumo, mke wa pili yumo. Ajali kazini haimo."

"Basi niwekeni kwenye mganga," nikasema.

"Ulikwenda kwa mganga?"

"Hapana."

"Sasa nikuandike uongo ndani ya kitabu cha kanisa?"

Nilitoka pale nimekasirika, na siku za Meza nikaendelea kukaa kwenye benchi lile bila kutengwa na mtu. Niliwaona wazee wazembe, kwamba wameshindwa hata kumpa mtu adhabu aliyoiomba kwa maandishi. Ninyi mnajua ninavyokuwa spana ikirudishwa mahali pasipo pake. Nilikuwa hivyo kwa wazee wa kanisa, kwa mchungaji, kwa mzee Lugeye na mto wake, na hata kwa Mungu, ambaye nilimwona amekaa kimya wakati kazi yake ilikuwa kunipiga. Lakini nusu ya kosa nilikuwa nimeifungia mwenyewe, na ninyi mafundi mnajua huwezi kulalamika kwamba mashine haijatengenezwa wakati umekataa kufungua ubavu.

Jambo lililonimaliza ni kwamba Nkwabi hakurudi Zagayu kwa kudumu. Alikaa mwaka mmoja huko, akarudi Bariadi, akakodi majaruba ya mpunga nje kidogo ya mji, akajifunza kushika jembe upya. Akaoa. Baada ya misimu kadhaa wakamchagua kuwa mzee wa kanisa, na kazi yake ikawa kubeba sinia la vikombe siku ya Meza. Alilishika chini kwa kiganja cha kushoto, na kwa mkono wa kulia alibana ukingo kwa vile vidole viwili. Kila Jumapili alinisalimu mlangoni, "Mwangaluka, fundi." Nami nilijibu "Mhola" nikiangalia viatu vyangu. Nilivijua viatu vyangu vizuri sana miaka ile.

Hatimaye nilimwambia Minza habari yote, kifuniko na nati zake. Alikuwa anapepeta mchele. Aliweka ungo chini.

"Miaka yote hii," akasema, "nalala na mtu anayegeuka kama chapati, nadhani ni tumbo. Nikakuchemshia majani. Kumbe ni nati nne!"

"Nimemwambia Mungu kila siku."

"Mungu alikuwepo, anajua. Nenda kamwambie Nkwabi."

Sikwenda kwa Nkwabi. Nilikuwa nimeshajipangia kwamba kwanza nitasafisha ile ripoti ya mkaguzi, kisha nitakwenda kwake nikiwa na karatasi mkononi, mtu mwenye cha kuonyesha. Kinu kilikuwa kimebadilisha mikono tena, mimi nikiwa mmoja wa vifaa vilivyouzwa pamoja nacho. Nikaingia ofisini kwa meneja mpya nikamweleza kwamba nilimdanganya mkaguzi. Akanisikiliza mpaka mwisho, mstaarabu kweli, akasema wao walinunua mashine na majengo, makosa hayakuwemo kwenye orodha. Nikaenda ofisi ya serikali iliyomtuma mkaguzi. Wakaniambia niandike barua. Nikaandika. Baada ya miezi mingi jibu likaja: kampuni niliyoitaja haipo, jalada halionekani, na wananishukuru kwa ushirikiano. Nilisoma neno hilo la ushirikiano mara tatu nikiwa nimesimama posta.

Ndipo nikaenda kwenye majaruba, mikono mitupu. Nkwabi alikuwa amesimama kwenye tope mpaka magotini, anang'oa magugu kwa mkono wa kushoto.

"Mwadila, Nkwabi."

"Mwadila, fundi. Karibu, ila vua viatu."

Nikavua. Nikaingia kwenye tope nikasimama mbele yake. "Kile kifuniko hakikuwepo," nikasema. "Nilikitoa mimi. Na baada ya wewe kuumia nilikirudisha, nikamwambia mkaguzi kwamba kilikuwepo."

Hakuacha kung'oa. "Najua. Nilikuona."

"Ulikuwa umezimia."

"Nilikuwa nimelazwa juu ya robota, macho wazi. Niliona ukifunga. Nati ya nne ilikusumbua, ukaitoa ukaianza upya." Akatupa magugu kwenye tuta. "Nilimwambia mkaguzi hospitali. Akasema fundi amekana, basi yakaishia hapo."

Nilitaka ardhi ya Bariadi inimeze, lakini ilikuwa tope tu, ikaishia kwenye goti. Nikamuuliza mbona hakuniambia miaka yote.

"Nilikuchukia misimu minne, fundi. Nilikuwa napalilia nakuchukia, navuna nakuchukia. Halafu nikachoka. Nikamwambia Mungu, huyu mtu mchukue wewe, mimi nina mpunga. Akakuchukua. Nikarudi kanisani nikakukuta umejibandika kwenye benchi la mzee Lugeye. Nikasema atachoka. Hukuchoka!" Sasa alikuwa ameacha kung'oa na sauti ilikuwa imepanda. "Kila siku ya Meza nabeba sinia, napita, nakuona umeinamia viatu. Mimi mkono huu naushikia kijiko, naushikia mtoto, nausahau. Nikifika kwako naukumbuka. Wewe ndiye unayenikumbusha, Mabula."

"Nipe adhabu," nikasema.

"Adhabu gani?"

"Yoyote unayotaka."

"Nikukate vidole? Nitavifanyia nini? Toka kwenye mpunga wangu, unaukanyaga."

Nilikwenda kwa mchungaji siku hiyo hiyo nikamweleza yote. Mara hii kitabu kilikuwa na mahali pangu, kwa sababu uongo umo. Nikasimama mbele ya kanisa zima, nikasema nilichofanya, na nikasema wazi kwamba Nkwabi hakuwa mzembe. Watu waligeuka kumtazama, naye akawa anamfunga mtoto vifungo vya shati. Nikatengwa miezi mitatu. Sitawaficha, nilifurahi. Nilirudi kwenye benchi nikamwambia mzee Lugeye kwamba sasa nami nina sababu, akanisogezea kipande cha mto.

Miezi mitatu ikaisha, mchungaji akatangaza kwamba nimerudishwa kundini, wakapiga makofi. Siku ya Meza iliyofuata nikabaki nimekaa pale pale. Nilijipima, nikaona miezi mitatu kwa vidole vitatu ni mzaha. Nikajiongezea mwaka. Mwaka ulipoisha nikaona bado. Mchungaji alinikuta nje ya mlango, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mabula, mimi nimekufungulia. Nkwabi amekufungulia. Mwokozi amekufa. Wewe ni nani hasa, mpaka utake kuwa mkali kuliko yeye?"

Nikamwambia najiona sistahili.

"Na nani amekwambia wale wanaokuja mbele wanastahili? Mimi nawafahamu wote!" akasema, akaondoka kwa hasira na kuacha Biblia yake dirishani.

Basi ikafika Jumapili moja ya Meza, mwisho wa kiangazi, mabati yanapasuka kwa joto. Mkate ulikuwa umeshapita. Nkwabi akachukua sinia la vikombe, vile vidogo vya kioo, maji ya rozela yamejaa mpaka ukingoni. Akagawa upande wa wanaume safu kwa safu. Mwisho wa safu alitakiwa ageuke kuelekea upande wa akina mama. Hakugeuka. Akaja moja kwa moja kwenye benchi letu, akasimama mbele yangu. Macho yangu yalikuwa kwenye viatu, kwa hiyo nilimwona kuanzia miguuni.

Halafu sinia likaanza kuinama. Niliona kwa jicho la pembeni ukingo unashuka upande wa kulia, pale penye vidole viwili, na vikombe vikaanza kuteleza vikigongana. Nimefanya kazi ya mashine tangu ujana wangu, kitu kikianguka mikono yangu hainisubiri. Nikaruka nikalidaka sinia kwa mikono yote miwili. Nkwabi akaachia.

Nikabaki nimesimama nimelishika. Alikuwa amebeba sinia lile miaka yote bila kumwaga tone, na uso wake haukuwa uso wa mtu aliyeponyokwa na kitu.

"Shika hili," nikamnong'oneza.

"Mikono yangu imechoka," akasema kwa sauti ya kawaida, na kila mtu akasikia. Akachukua kikombe kimoja kwa gumba na kidole cha shahada, akakiinua mpaka usawa wa mdomo wangu.

"Nkwabi, sistahili."

"Hakuna aliyekuuliza. Fungua mdomo."

Nilimtazama mchungaji kule mbele anisaidie, naye akawa anasoma dari. Nikitaka kuuzuia mkono wa Nkwabi lazima niachie sinia, na nikiachia sinia namwaga kikombe cha nusu ya kanisa. Mzee Lugeye akanivuta koti kutoka chini. "Kunywa, bhebhe," akasema. "Unachelewesha watu."

Machozi yalikuwa yananitoka na sikuwa na mkono wa kuyafutia. Nikafungua mdomo. Vile vidole viwili vilinigusa kidevu, vigumu kwa kazi ya jembe, akanimiminia taratibu mpaka kikombe kikaisha, akakirudisha kwenye sinia mahali pake. Nikasogeza sinia kwake alipokee. Alikuwa ameshageuka, anaanza kutembea.

"Njoo nalo," akasema bila kuangalia nyuma. "Bado upande wa akina mama."